Namna ya Kuilea Nafsi Katikati ya Macho ya Watu

Mtu anayesumbuliwa na kiu ya kukubalika na wenzake hupewa karibu kila mara ushauri ule ule: wapuuze. Ushauri huo haumfai mtu aliyelelewa katika jamii ambayo mgonjwa huuguzwa na majirani, maiti huzikwa na mtaa mzima, na harusi hulipiwa kwa michango ya watu ambao bibi harusi mwenyewe hawafahamu hata nusu yao. Katika maisha ya namna hiyo, kusema kwamba mtu ni watu ni kueleza tu jinsi mambo yanavyokwenda, na anayeamua kuwapuuza wote hujikuta amewapuuza pia wale wachache waliokuwa tayari kumwambia ukweli. Tena upuuzaji wenyewe una hila ndani yake. Mwanamke anayechagua doti ya kanga yenye maneno ya kuwaambia walimwengu waseme hadi wachoke, akaivaa siku ya shughuli na kuhakikisha kwamba maandishi yamekaa panaposomeka vizuri, hajaachana na walimwengu hata kidogo. Anazungumza nao, na pengine kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu aliyefariki Makka mwaka 803, hunukuliwa akisema kwamba kuacha jambo kwa ajili ya watu nako ni ria, yaani kujionyesha, na kwamba ikhlasi, yaani usafi wa nia, ni kunusurika na yote mawili, kutenda kwa ajili yao na kuacha kwa ajili yao.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na watu. Unaanza na ile sehemu ya maisha wasiyoiona, kwa hoja kwamba nafsi hukua kwa yale yasiyokuwa na shahidi, na kwamba mtu aliyejiwekea mambo ya kutosha ya namna hiyo huweza kukaa katikati ya watu bila kuwaogopa na bila kuwachukia.

Kujua ni wapi unatozwa

Kabla ya kubadili chochote, tumia juma moja kujichunguza. Chukua daftari dogo, na kila jioni andika mambo mawili au matatu uliyoyafanya siku hiyo ambayo watu waliyaona au ulitaka wayaone: nguo uliyoivaa, mchango ulioutoa, picha uliyoirusha, swali uliloliuliza mkutanoni, sala uliyoirefusha kwa kuwa baba mkwe alikuwa safu ya nyuma. Pembeni ya kila jambo jibu swali moja tu: je, ningelifanya hivi hivi kama lisingejulikana na mtu yeyote milele? Mengine utayajibu ndiyo bila kusita, mengine utayajibu hapana, na yaliyo mengi yatakuwa katikati, kwamba ungeyafanya, lakini kwa gharama ndogo zaidi, au kwa utulivu zaidi, au miaka miwili baadaye pesa ikishapatikana. Hayo ya katikati ndiyo ya kuyasoma kwa makini, maana tofauti kati ya ulivyofanya na ambavyo ungefanya ndiyo ushuru ambao macho ya watu yamekutoza.

Usikimbilie kuyafuta yale uliyoyajibu hapana. Kuvaa kwa staha msibani, kumwamkia mzee usiyempenda, kukaa kwenye mkeka mpaka dua iishe ingawa miguu imekufa ganzi, yote hayo pengine usingeyafanya ukiwa peke yako kisiwani, na bado ni adabu njema. Kuona haya ni sehemu ya utu. Kinachotafutwa katika daftari hilo ni mahali ambapo kumstahi mwenzako kumegeuka kuwa kumlipa ili akuone, na ambapo malipo hayo yamekuwa makubwa kuliko uwezo wa mfuko wako au wa roho yako.

Zipo pia dalili zisizohitaji kuandikwa. Mtu ambaye nafsi yake imepungukiwa huanza kuisimulia shughuli akilini mwake wakati shughuli yenyewe ingali inaendelea. Husikia shukrani za watu ishirini na kulala akimfikiria yule mmoja ambaye hakushukuru. Na akiulizwa anapenda nini, hulazimika kwanza kukumbuka ni lini alisifiwa. Dalili hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha kwamba ladha yenyewe imekwisha kukabidhiwa kwa wengine.

Katika kujichunguza huko, pima pia ukubwa halisi wa hadhira yako. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio ambamo mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wa rika lake waliona aibu kuivaa, kisha akaingizwa katika chumba walimokaa wenzake. Wavaaji walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangeweza kumtaja aliyekuwa kwenye fulana. Waliomtambua kwa kweli walikuwa takriban robo. Mtu anaweza kusema kwamba katika chumba kile hapakuwa na mashangazi, naye atakuwa amesema kweli, kwani ukumbi wa harusi una macho makali kuliko darasa. Lakini shangazi anayeiona kasoro ya kitenge chako Jumamosi anakuwa na kitenge kingine cha kukishughulikia Jumamosi inayofuata.

Jambo lisilo na shahidi

Dini zetu zimelizungumzia suala hili kwa muda mrefu na kwa undani, hivyo hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mbinu. Wakristo wanaijua sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, ambamo Yesu anataja kwa mfuatano sadaka, sala na kufunga, na katika kila moja anaonya dhidi ya kuifanya ili watu waone. Waislamu wanaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume Muhammad, ya watu saba watakaotiwa kivulini na Mwenyezi Mungu siku ambayo hakutakuwa na kivuli ila chake. Mmoja wao ni aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia, na mwingine ni aliyemkumbuka Mungu akiwa peke yake, macho yake yakabubujika machozi. Mkono huo wa kushoto usiojua umo pia katika sura ile ya Mathayo. Wala mafundisho hayo hayakatazi tendo la wazi: aya ya 271 ya Surat al-Baqara inasema kwamba kuzidhihirisha sadaka ni vizuri, na kuzificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi.

Saumu ndiyo mfano ulio karibu zaidi. Mtu aliyefunga akijifungia bafuni saa nane mchana na kunywa maji ya bomba hakuna atakayejua. Midomo yake itakauka tena kabla hajafika sebuleni. Katika hadithi maarufu Mwenyezi Mungu anasema kwamba funga ni yake na yeye ndiye atakayeilipa, na wanazuoni wengi wameieleza sababu yake kwa usiri huo huo: ni ibada ambayo haina cha kuonyeshwa. Inasikitisha kidogo, basi, kwamba siku hizi sehemu pekee ya saumu inayoweza kupigwa picha, yaani meza ya futari, ndiyo inayojaa kwenye simu zetu mwezi mzima.

Chagua jambo moja, na mwanzoni liwe moja tu. Liwe dogo kiasi kwamba ukilala umechoka bado ulifanye, lisiache ushahidi, na lisimhusu mtu ambaye siku moja atalazimika kukushukuru mbele ya wengine. Kwa asiye na dini au asiyependa kulihusisha jambo hili na ibada, nafasi ni ile ile: kuna anayejifunza beti za shairi kwa moyo na kuzikariri njiani akienda kazini, kuna anayeamka kabla ya alfajiri akakaa nusu saa barazani bila redio wala simu, kuna anayewaandikia barua marehemu wake na kuzichana. Kwa anayetaka iwe sadaka, duka la mtaani linatosha. Karibu kila duka la rejareja lina daftari la mkopo, lenye majina ya nyumba za jirani na chini yake robo ya sukari, nusu ya unga, sabuni ya kipande, tambi za watoto. Mwombe mwenye duka akufungulie ukurasa mmoja uliokaa muda mrefu bila kufutwa, lipa, mwache apige mstari kwa kalamu yake, na mwombe amwambie mwenye deni kwamba limelipwa na mtu aliyekuwa akipita. Kisha ondoka, na katika ukurasa unaofuata wa maisha yako usilitaje tena.

Hapo kwenye kutolitaja ndipo kazi ilipo. Siku tatu za kwanza ulimi utawasha. Utaona nafasi nyingi za kuligusia kwa mbali, kwa kuanza na maneno kama "mimi si mtu wa kujisifu, lakini", au kwa kumpa rafiki ushauri wa jumla kuhusu wema ambao mfano wake uko tayari mdomoni. Wali uliopaliwa makaa haufunuliwi kila dakika ili kuona kama umeiva, na jambo la siri likitajwa hata mara moja mvuke wake hutoka. Ukijikuta umelisema, usijilaumu kwa kirefu. Lihesabu kuwa limekwisha kuingia katika mambo ya wazi, ambayo nayo yana thawabu yake, kisha chagua jingine.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni ya mtu kuwa hadhira yake mwenyewe: hakuna aliyemwona, ila yeye anajitazama akijiona jinsi alivyo mnyenyekevu. Huko Nishapur, mji wa Uajemi, katika karne ya 9, palikuwa na wacha Mungu walioitwa Malamatiyya, ambao waliuogopa ugonjwa huu kiasi cha kuficha mema yao yote na hata kukubali lawama za watu wasizostahili. Masufi waliokuja baadaye waliwakosoa kwa hoja yenye nguvu, kwamba anayehangaika ili watu wamdhanie vibaya bado macho yake yako kwa watu. Dawa iliyo nyepesi ni kulifanya jambo lako kuwa la kawaida mno kiasi cha kukosa cha kusifia, kama mtu asivyojisifu kwa kupiga mswaki.

Inafaa pia kuyalinda yale unayoyapenda yasigeuzwe yote kuwa maonyesho. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lililofanyika katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi waligawanywa. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora, kundi la pili likapewa cheti kile kile bila kuahidiwa, na la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, watoto walioahidiwa cheti walizitumia kwa muda uliokuwa takriban nusu ya ule wa wenzao. Waliokipata cheti kwa ghafla hawakupoteza kitu. Jaribio hilo linastahili kukumbukwa na kila mpishi wa nyumbani, mshonaji, mwimbaji wa kwaya au mtunga mashairi anayeshauriwa na rafiki zake afungue ukurasa ili kipaji chake kionekane: sifa inayokukuta kazini haidhuru, ila kazi inayofanywa kwa kuingojea sifa hupoteza utamu wake hata kwa mwenyewe. Kama una vitu vitatu unavyovipenda, viwili vipeleke sokoni ukitaka, lakini kimoja kibaki nyumbani.

Kuhusu simu

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa simu inalaumiwa kupita kiasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya simu kufika mikononi mwa watu, vyama vya beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride za kijeshi, vya Marini na Arinoti vilikuwa vikishindana kwa sare, magwaride na karamu kutoka mji hadi mji, na wanawake wa Mombasa katika vyama vya lelemama, ngoma yao ya kucheza, walitumia mali nyingi ili kuwashinda wapinzani wao kwa mavazi na kwa chakula. Kilicholetwa na simu ni hesabu. Tangu Facebook ilipoweka kitufe cha laiki mwaka 2009, kibali cha watu kimekuwa na tarakimu, na tarakimu huliwa na macho bila kushiba.

Ondoa tarakimu, basi, kabla ya kuondoa simu. Tangu Mei 2021 Instagram na Facebook zinamruhusu kila mtumiaji kuficha idadi ya laiki, za kwake na za wengine. Kwenye WhatsApp, ukienda katika mipangilio ya faragha na kuzima zile tiki za bluu, hutaona tena orodha ya waliotazama stetasi yako, na orodha hiyo ndiyo inayowafanya watu wazima kuamka usiku kuhakikisha kama fulani ameona. Picha za shughuli ziweke hadi kesho yake. Ukiona kesho yake hamu ya kuzirusha imekwisha, utakuwa umejua zilikuwa za nani. Hayo yanatosha kwa walio wengi.

Michango, sare na orodha

Shinikizo la kuonekana hufika kwenye nafsi kwa kupitia mfuko, na hapa Tanzania mlango wake mkubwa ni kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Aliyewahi kuwekwa humo anaijua orodha: namba, jina, ahadi, alicholipa, baki, na tiki ya kijani pembeni mwa waliomaliza. Kila mmoja anapolipa, mweka hazina hunakili orodha nzima na kuirusha upya, kwa hiyo jina lenye sifuri mbele yake huzungushwa mara nyingi kwa siku mbele ya wakwe, mabosi na watu mliosoma nao. Chini ya orodha huandikwa kiwango cha kadi ya mtu mmoja na cha kadi ya watu wawili. Kenya wanaujua ukumbi unaofanana na huo katika harambee, ambapo jina na kiasi husomwa kwenye kipaza sauti na makofi hutofautiana kwa urefu. Na pwani yote inamjua mwanamke anayevuka ukumbi wa taarabu akiwa ameinua noti juu, taratibu, ili ionekane anamtunza mwimbaji kwa ubeti gani na kwamba ubeti huo unamwendea nani.

Sisemi kwamba michango ni mibaya. Imewaoza watoto wa maskini na kuwazika wafu wa watu wasio na akiba, na anayejitoa kabisa hujitoa pia siku yake. Kinachohitajika ni kwamba uamuzi wa kiasi ufanyike pasipo na orodha. Mwanzoni mwa mwaka, ukiwa nyumbani na mwenzi wako kama unaye, tengeni fungu la michango kwa mwaka mzima, na mligawe kwa idadi ya shughuli mnazotarajia pamoja na misiba ambayo haitarajiwi. Ombi likija, kiasi kiwe kimekwisha kujulikana kabla hujalifungua kundi. Kisha epuka ahadi. Ahadi ndiyo inayotengeneza safu ya baki, na baki ndiyo inayozungushwa. Anayetuma alichonacho siku hiyo hiyo, hata kiwe kidogo, hukaa kwenye orodha akiwa na tiki. Mwandikie mweka hazina faraghani: "Nashukuru kwa kunishirikisha. Nimetuma shilingi elfu thelathini, ndio uwezo wangu kwa sasa. Nawaombea shughuli iwe ya heri." Usiongeze habari za ada za shule wala za kodi ya nyumba, kwa kuwa sababu huvuta hoja, na hoja huvuta kikao.

Wazee hawatajibiwa kwa ujumbe. Baba mdogo akipiga simu na, baada ya shikamoo na marahaba, akasema, "Mwanangu, nimeona kwenye orodha umeweka thelathini, sasa watu wa upande wa pili watatuelewaje?", jibu linalomfaa ni la heshima na la kukata: "Baba mdogo, hiyo ndiyo iliyopo na nimeshaituma yote, sidaiwi. Ijumaa nimeomba ruhusa kazini, nitakuja asubuhi kusimamia maturubai na viti." Mtoto wa ndugu anayejitokeza kwa nguvu zake haitwi mchoyo kwa muda mrefu. Na kama kiwango chako hakikupatii kadi, kumbuka kwamba msikitini kwenye nikahi na kanisani kwenye ibada ya ndoa hakuna anayekagua kadi mlangoni. Nenda huko, umpe bwana harusi mkono, urudi nyumbani ukiwa umekwisha kuhudhuria sehemu yenye uzito.

Kuhusu sare, fanya uamuzi mmoja kwa shughuli zote za mwaka: shughuli za ndugu wa damu na rafiki wa karibu utanunua kitambaa, nyingine utavaa kilichopo kabatini chenye rangi inayokaribiana. Ukiwaambia mapema na kwa utulivu, wengi watanyamaza. Baadhi watakuomba uwaeleze uliwezaje.

Mtu mmoja anatosha

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa chuo cha Swarthmore huko Marekani, aliwaweka wanafunzi chumbani na kuwauliza ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na mstari wa mfano. Jibu lilikuwa wazi, lakini wote chumbani isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Takriban katika theluthi ya majibu yake, yule mmoja alifuata uongo wa kundi. Asch alipomweka chumbani mtu mmoja tu aliyesema kweli, kufuata kundi kulishuka sana. Hakuhitajika wengi, alihitajika mmoja.

Mtafute mtu wako huyo kwa vigezo vigumu. Awe hana faida ya kupata kwako, awe amewahi kukukatalia jambo na urafiki ukaendelea, na awe mtu asiyebeba maneno. Anaweza kuwa shehe, padri, mwalimu wako wa zamani, bibi yako, au fundi cherehani mliyezoeana. Kazi yake si kukusifia pale wengine wanapokulaumu, maana hapo utakuwa umebadilisha tu duka la kununulia sifa; kazi yake ni kukuambia, ukimpelekea jambo, kama anaona unalifanya kwa ajili yako au kwa ajili ya macho. Mwendee kabla ya uamuzi, si baada yake. Na usimweleze lile jambo lako lisilo na shahidi, hata yeye.

Sifa zikija zenyewe, zipokee kwa ufupi. Kuzikataa kwa maneno mengi ni kuzirefusha. "Alhamdulillahi" au "Ahsante, Mungu ni mwema", kisha mwulize anayekusifu habari za watoto wake. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume aliulizwa kuhusu mtu anayetenda jema na watu wakamsifu kwalo, akajibu kwamba hiyo ni bishara ya mapema kwa muumini; kwa hiyo hakuna sababu ya kuikimbia sifa kana kwamba ni najisi.

Tarajia kuambiwa kwamba umebadilika, kwamba unaringa, kwamba tangu upate kazi au tangu uanze kusali sana hujichanganyi. Baadhi ya maneno hayo yatakuwa kweli, na njia ya kuyachuja ni kutazama mwenendo wako kwa wasio na cha kukupa: kama bado unaingia kwa mgonjwa asiye na jina, unamsikiliza mlinzi wa zamu ya usiku na kuosha vyombo msibani jikoni ambako hakuna mpiga picha, basi hujajitenga na watu, umepunguza maonyesho tu. Kama hayo nayo yameondoka, rudi kwenye daftari. Na mtu ambaye hofu ya kutazamwa inamzuia kutoka nje, kula mbele ya wengine au kulala kwa majuma kadhaa asijitibu kwa mwongozo kama huu; hospitali zina wataalamu wa afya ya akili, na kumwona mmoja wao si aibu.

Kwa wenye watoto kuna kazi ya ziada, kwa kuwa kiu hii hurithishwa mapema. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023, lakini nyumbani swali la kwanza kwa mtoto aliyeshika ripoti bado ni "umekuwa wa ngapi?" Lisogeze swali hilo liwe la tatu. Anza kwa kumwuliza ni somo gani alilisoma hata siku ambazo halikuwa na mtihani, na ni nini kilimshangaza ndani yake. Mgeni akija, usimwite mtoto asome Kurani au aimbe pambio mbele ya sebule kila mara. Mwache awe na sura moja, wimbo mmoja au mchoro mmoja ambao hata wewe hujawahi kuombwa uutazame, na ukipita karibu na mlango ukamsikia akiufanya, endelea na safari yako ya jikoni.